Mwalimu Imara na Uchaguzi Mdogo wa Temple Hills

Imara Whitfield aliendesha basi la shule katika Kaunti ya Prince George's kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka kumi na mitatu ya mwanzo hakuna aliyejua kwamba anazungumza Kiswahili. Alikizungumza peke yake. Asubuhi, akishawashusha watoto na basi kubaki tupu, alirudi yadi akijisimulia kwa sauti mambo aliyokuwa akiyaona njiani: lile gari limekatiza vibaya, yule mama amesahau kofia, theluji ya leo ni nyepesi. Alisema polepole, na akikosea aliirudia sentensi tangu mwanzo.

Alizaliwa Washington mwaka 1951, mtoto wa mwanamke aliyetoka North Carolina kuja kufua mashuka ya hoteli. Mama alimpa jina la Gloria. Akiwa na miaka ishirini na miwili, karani wa kupiga chapa, alijiunga na darasa la jioni la Kiswahili lililofundishwa na kijana wa Tanga aliyekuwa akisomea uchumi. Darasa lilidumu miaka miwili. Mwalimu alipohitimu alirudi kwao na wanafunzi wakatawanyika, lakini Gloria hakukiacha Kiswahili. Alikwenda mahakamani akabadili jina, akawa Imara, akabaki na daftari tatu na kitabu cha sarufi ambacho jalada lake lilikuwa limeshang'oka.

Mwaka 1984 alinunua tiketi ya kwenda Dar es Salaam. Wiki tatu kabla ya safari mama yake alipata kiharusi. Imara alirudisha tiketi, akaacha kazi ya ofisini, akachukua ya basi la shule kwa kuwa ilimwezesha kurudi nyumbani mchana kumlisha na kumgeuza mgonjwa. Alimuuguza miaka tisa. Mama alipofariki, Imara alikuwa amekwisha kuzoea njia yake, na habari ya safari hakuizungumza tena.

Mwaka 1998, Jumapili moja, alikuwa katika duka la mashine za kufulia pale Temple Hills. Mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa akihangaika na mlango wa mashine huku simu ameibana kwa bega. "Nimetia sabuni, mlango haufungi," alikuwa akisema kwenye simu, "na kuna mama mmoja Mmarekani ananitazama kama anatazama sinema."

"Samahani, dada," Imara akasema. "Mlango huo ni mkorofi. Usukume kwa goti, hapo chini."

Yule mwanamke aligeuka. Simu iliendelea kuita haloo, haloo. Hatimaye aliishusha, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo."

Imara alikuwa akilijua jibu kwa miaka ishirini na mitano na hakuna hata siku moja aliyowahi kulitumia. "Marahaba," akasema.

Huyo alikuwa Vaileth, mzaliwa wa Mbeya, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mtoto wa mgongoni aliitwa Elieth. Vaileth ndiye aliyempeleka Imara kwenye Jumuiya ya Waswahili, chama kilichowakusanya Watanzania, Wakenya, Wakongo na wengine wa eneo zima la Washington. Jumuiya ilikuwa na baraza la wawakilishi kumi na mmoja, kila mmoja na eneo lake, na kwa utani watu walilibandika jina la Bunge. Miaka ilivyopita utani ukaota mizizi. Wawakilishi wakaitwa wabunge, maeneo yao yakaitwa majimbo, na mwenyekiti akaanza kuitikia jina la Spika bila kucheka.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Imara alikuwa ameanzisha darasa la watoto katika ukumbi wa chini wa kanisa moja karibu na barabara ya St. Barnabas, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Alianza na wanne. Watoto wa wahamiaji walikuwa wakikisikia Kiswahili nyumbani na kujibu kwa Kiingereza, na wazazi walishachoka kuwakaripia. Imara hakukaripia. Aliwaambia ukweli kwamba yeye mwenyewe alijifunza ukubwani na bado anakosea, kwa hiyo hakuna wa kumwonea haya. Kufikia mwaka 2006 watoto walikuwa ishirini na sita.

Mbunge wa jimbo la Temple Hills wakati huo alikuwa Godlisten, mtu wa Moshi, fundi wa kompyuta mwenye kazi nzuri katika ofisi moja Rockville. Alikuwa mchapakazi na mwepesi wa kusaidia. Wageni kadhaa walilala sebuleni kwake wiki zao za kwanza Marekani. Alichaguliwa bila mpinzani, na hakuna aliyekuwa na neno naye mpaka Oktoba ya mwaka huo, Bunge lilipopiga kura ya kuyaunganisha madarasa yote matatu ya watoto yawe moja, huko Rockville. Kulikuwa na ukumbi mpya wenye kompyuta kumi na mbili, na maegesho ya kutosha. Godlisten aliunga mkono. Imara na wazazi wa Temple Hills walipata habari kwa barua pepe, siku nne kabla ya kuanza.

Mwenye gari alinung'unika akawasha gari. Wasio na gari walikuwa wengi, na Vaileth alikuwa mmoja wao. Jumamosi ya kwanza ya Novemba Imara aliliacha gari lake nyumbani akaamua kusafiri nao aone. Walikuwa yeye, Vaileth aliyetoka kazini alfajiri hiyohiyo, Elieth aliyekuwa na miaka tisa sasa, na mabinti wawili wa Serah, muuguzi Mkenya ambaye siku hiyo alikuwa zamu. Waliondoka saa mbili. Walipanda treni kituo cha Branch Avenue, mwisho kabisa wa mstari wa kijani, wakabadili katikati ya mji, wakashika mstari mwekundu hadi Rockville, wakasubiri basi kwenye baridi. Treni zilikuwa zikipokezana njia moja kwa sababu ya matengenezo. Walifika saa tano kasorobo. Darasa lilikuwa linakwisha saa tano na nusu.

Ukumbi ulikuwa mzuri kweli. Kompyuta zilikuwa zinang'aa. Elieth alikaa mbele ya mojawapo, akalaza kichwa juu ya mkono, akasinzia.

Njiani kurudi Vaileth hakulalamika. Alisema tu, "Mwalimu, sitaweza. Nimejaribu, umeona mwenyewe. Sitaweza kila wiki."

Wiki iliyofuata, kati ya watoto ishirini na sita wa Temple Hills, sita walifika Rockville. Iliyofuata walifika watatu.

Serah hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alimpigia Godlisten simu mara tano bila kupokelewa, kisha akamngoja nje ya harusi moja na kumwuliza kwa nini hakuwauliza watu wake kabla ya kupiga kura.

"Nilichaguliwa nifikiri kwa niaba yenu," Godlisten alimjibu. "Siwezi kuitisha mkutano kwa kila jambo."

"Ni sawa," Serah akasema. "Basi mkutano tutauita sisi."

Katiba ya Jumuiya ilikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Kilisema kwamba nusu ya wanachama wa jimbo na mmoja zaidi wakitia sahihi zao, mbunge wao anaondolewa na kiti chake kinajazwa kwa uchaguzi mdogo. Jimbo la Temple Hills lilikuwa na wanachama mia moja arobaini na watatu. Serah alihitaji sahihi sabini na mbili. Alizunguka nazo kwenye ubao wenye kibanio kama wa hospitali, kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari, ghorofa kwa ghorofa.

Alipofika kwa Imara, Imara alimwandalia chai, akaisoma karatasi yote, akairudisha.

"Sitii sahihi," alisema. "Darasa lililoondolewa ni langu. Nikitia sahihi, itaonekana ninalipiza."

"Lakini wewe ndiye uliumizwa, Mwalimu."

"Ndiyo sababu."

Serah aliondoka amenuna. Lakini sahihi zilifika themanini na moja bila ya Imara, akazipeleka Springfield kwa Mzee Lusekelo, msimamizi wa uchaguzi wa Jumuiya. Mzee huyu alikuwa karani wa ubalozi aliyestaafu. Alivaa tai hata dukani, na hakuwahi kufanya jambo kwa haraka. Alimpigia simu kila mtu katika wale themanini na mmoja kumwuliza kama sahihi ni yake na kama aliitia kwa hiari. Watatu walisema walidhani ni karatasi ya mchango wa maziko. Akawafuta. Zikabaki sabini na nane. Tarehe kumi Februari akatangaza kwamba kiti cha Temple Hills kiko wazi na uchaguzi mdogo utafanyika Jumamosi tarehe ishirini na nne Machi, 2007. Kifungu kilimruhusu mbunge aliyeondolewa kugombea tena, na Godlisten alichukua fomu siku hiyohiyo.

Upande wa pili hakuna aliyechukua. Serah zamu zake zilikuwa hazitabiriki. Wengine walisema wana watoto wadogo, au Kiingereza hawakijui vizuri, au wanaona aibu. Baada ya wiki moja wazazi kumi na mmoja walifika nyumbani kwa Imara, wakajaza sebule na ngazi.

"Mwalimu, simama wewe," Serah alisema. "Sisi tutakupigia kura, hiyo ni sure."

"Tutakuya siye bote," akasema Mkongo mmoja wa Lubumbashi ambaye watoto wake wawili walikuwa darasani. "Hata muke yangu atakuya, na ye hapendagi mikutano."

Imara alikataa. Alisema mbunge awe mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hii. Yeye alikuwa mgeni aliyekaribishwa vizuri, na mgeni hapangi samani za mwenyeji. Walimbembeleza, akakataa tena, wakaondoka.

Vaileth alibaki kuosha vikombe. Alikuwa na kawaida ya kusema mambo mazito akiwa amempa mtu mgongo.

"Elieth jana kanijibu kwa Kiswahili," alisema. "Nilimwuliza kala nini shuleni, akasema, 'Sijala, chakula kilikuwa kibaya.' Sentensi nzima. Nilikaa chini." Akafunga bomba. "Hiyo sentensi kaipata wapi, Mwalimu? Mimi ndani ya lugha nimezaliwa, na sikuweza kumpa."

Imara alichukua kitambaa, akamsaidia kukausha vikombe. Kesho yake, baada ya zamu ya asubuhi, aliendesha hadi Springfield kwenye yale makutano ya barabara yaliyokuwa yakijengwa miaka nenda miaka rudi, akapotea mara moja, akafika kwa Mzee Lusekelo na kuomba fomu.

Kampeni yake ilikuwa ya miguu. Alibisha hodi milango iliyoandikwa kwenye orodha, Jumamosi na Jumapili, akiwa na viatu vyake vya kazi na kofia ya sufu. Kwa wengi alipokelewa kwa furaha na udadisi. Walitaka kumsikia akisema, na watoto waliitwa toka vyumbani waje wasikie. Hayo alikuwa ameyazoea. Mlango uliomtikisa ulikuwa wa Mwatumu, mwanamke wa Lamu mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyeishi na binti yake na wajukuu watatu karibu na barabara ya Iverson. Wanawake wa Kiislamu wa jimbo walimsikiliza sana Mwatumu.

Alimkaribisha, akampa kahawa na kaimati, akamwacha aseme yote kuhusu darasa na umbali wa Rockville. Kisha akauliza, "Hilo darasa lako lilikuwa saa ngapi?"

"Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Kwa miaka mingapi?"

"Minane."

"Na katika miaka hiyo minane, wajukuu wangu uliwaona?"

Imara alifikiri. "La."

"Jumamosi asubuhi wako madrasa," Mwatumu alisema bila kupandisha sauti. "Wangu, na wa jirani yangu, na wa yule wa ghorofa ya juu. Watoto kumi, kumi na wawili. Kila mwaka nikisema labda mwaka huu atatuuliza. Sasa waja kunambia Godlisten hakuuliza watu."

Imara alikiweka kikombe chini. Wote wale alikuwa akiwaona kwenye sherehe za Idd za Jumuiya, akala pilau yao, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini watoto wao hawaji. Alidhani hawapendi.

"Ni kweli," alisema. "Sikuuliza. Kosa nililosema ni lake, ni langu pia."

Mwatumu alikijaza tena kikombe. "Na sasa wataka kunambia darasa litakuwa alasiri, nikupe kura?"

"La. Siwezi kuahidi, maana kuna wazazi wanaofanya kazi alasiri, na hao nao sijawauliza. Nitauliza wote kwanza. Hilo ndilo ninaloweza kusema."

"Haya," Mwatumu akasema, akamwongezea kaimati. Hakuahidi kitu. Imara aliondoka pale hajui kama amepata kura au amepoteza kumi na tano. Lakini tangu siku hiyo, kila mlango aliobisha alianza kwa kuuliza na kuandika, badala ya kuanza kwa kueleza. Daftari lake lilijaa saa za kazi za watu.

Siku tisa kabla ya uchaguzi Mzee Lusekelo alipokea barua ya pingamizi kutoka kwa mwanachama mmoja. Ilisema Bi. Whitfield si Mswahili, hajawahi kukanyaga Afrika hata kwa siku moja, na kwa hiyo hastahili kugombea. Mzee aliitisha kikao cha wazi Jumapili iliyofuata katika ukumbi uleule wa chini wa kanisa. Walikuja watu wengi kuliko viti.

Alisoma barua, kisha akakisoma kifungu cha katiba, polepole, akiwa ameinua miwani: "Mwanachama ni mtu yeyote anayeishi katika eneo hili na anayekitumia Kiswahili katika maisha yake." Akamgeukia Imara. "Mama, ni kweli hujawahi kufika Afrika?"

"Ni kweli, Mzee. Nilinunua tiketi mara moja. Mama yangu akaugua, nikabaki naye."

"Unaishi na nani nyumbani?"

"Peke yangu."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa Kiswahili anakitumia na nani, kama si siku ya darasa tu?"

Imara alisimama. Hakuwa amepanga kuliambia kundi la watu jambo hilo. "Mimi ni dereva wa basi la shule," alisema. "Asubuhi nikishawashusha watoto, basi hubaki tupu. Basi naongea. Nasema ninayoyaona njiani. Kabla sijamjua mtu hata mmoja wenu, niliongea hivyo miaka kumi na mitatu, maana niliogopa nikinyamaza kitanitoka."

Wachache walicheka, wakaacha. Bomba za joto zilisikika zikigonga ukutani. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alivua miwani akaifuta.

Aliyeinuka baadaye alikuwa Godlisten. Watu waligeuka, maana hakuna aliyetegemea aseme.

"Barua hii sikuiandika mimi wala sikuiomba," alisema. "Namwomba mwenye nayo aiondoe. Nilishaondolewa mara moja mwezi uliopita na iliniuma. Nikirudi bungeni kwa sababu mpinzani wangu kafukuzwa mlangoni, itakuwa sikurudi. Acheni tushindane."

Mzee Lusekelo alingoja. Mwanamume mmoja karibu na dirisha akanyoosha mkono, akasema ni yeye, na kwamba anaiondoa. Hakuna aliyemzomea. Mzee akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, akafunga kikao.

Imara alimfuata Godlisten nje kumshukuru. Alimkuta akifuta ukungu kwenye kioo cha gari.

"Usinishukuru, Mama," alisema. "Mimi bado nadhani Rockville ni pazuri zaidi."

"Ni pazuri," Imara akasema. "Tatizo ni mbali."

Godlisten akatabasamu kidogo, akaingia garini.

Tarehe ishirini na nne Machi kulikuwa na mvua nyembamba na maua ya mwanzo yalikuwa yameanza kufunguka kwenye miti ya mbele ya kanisa. Upigaji kura ulianza saa tatu. Waliotoka zamu ya usiku walikuja kwanza, wakiwa bado na sare za kazi. Mkongo wa Lubumbashi alikuja na mke wake asiyependa mikutano. Mchana, madrasa ilipokwisha, Mwatumu aliingia akiwa na wanawake saba nyuma yake na watoto wakikimbia kati ya viti. Alimsalimia Imara, akamsalimia Godlisten kwa uchangamfu uleule, akapiga kura yake, akakaa kwenye kiti cha pembeni kungoja. Usoni mwake hakukuwa na la kusomeka.

Mzee Lusekelo alihesabu saa kumi, mbele ya watu wote, akisoma kila karatasi kwa sauti huku Serah akichora mistari ubaoni. Majina yalikwenda sambamba kwa muda mrefu. Arobaini kwa thelathini na tisa. Hamsini kwa hamsini. Vaileth alishindwa kutazama, akatoka kusimama kwenye ngazi. Mwisho Mzee alisoma jumla mara mbili: kura moja imeharibika, Godlisten hamsini na saba, Imara Whitfield sitini na nne.

Watu walipiga makofi, wengine vigelegele. Imara alikuwa ameketi na hakuinuka mara moja. Godlisten alikuja akampa mkono, akasema, "Hongera, Mheshimiwa," na kwa kuwa alilisema bila utani, Imara naye alimjibu bila utani kwamba atahitaji msaada wake. Mke wa Godlisten alikuwa ameshatoka nje, na kwa miezi kadhaa baadaye alikuwa akimpita Imara sokoni bila kumsalimu.

Kikao chake cha kwanza cha Bunge kilikuwa mwezi Aprili, Rockville. Imara alikwenda kwa treni. Alikuwa ameandika hotuba ya kurasa mbili lakini hakuisoma. Alifungua daftari lake la kampeni akawasomea saa za kazi za wazazi sitini na wawili aliowauliza, na madrasa, na ratiba ya treni ya Jumamosi. Aliomba darasa la Temple Hills lirudi, saa tisa alasiri, na la Rockville libaki na kompyuta zake kwa walio karibu nalo. Mbunge wa Springfield alisema tukimrudishia huyu, kila mtu atadai. Mbunge wa Silver Spring alisema basi wadai, ndiyo kazi yetu. Walibishana saa nzima. Hoja ilipita kwa kura sita dhidi ya tano.

Haikurudi kama zamani. Familia nne zilikuwa zimeshazoea Jumamosi zisizo na darasa, hazikurudi. Wazazi wawili ambao alasiri walikuwa kazini walikasirika, na Imara aliwatafutia majirani wa kuwachukulia watoto. Lakini Jumamosi ya pili ya Mei, katika ukumbi wa chini wa kanisa, waliingia watoto ishirini na tatu. Tisa kati yao hawakuwahi kuwamo.

Mjukuu mdogo wa Mwatumu, msichana wa miaka saba, alikaa mstari wa mbele kabisa. Imara alikuwa akifundisha kuitana. Aliandika ubaoni neno njoo, akawataka walitamke wote.

Yule msichana akainua mkono. "My grandma doesn't say that," alisema. "She says ndoo. Ndoo hapa."

Watoto wakaangua kicheko, maana ndoo waliijua ni ya maji. Elieth, ambaye sasa alijiona mkubwa wa darasa, alicheka kuliko wote. Msichana akashusha mkono, akatazama meza.

Imara alingoja kicheko kiishe. Alikuwa amesoma mahali, zamani, kwamba watu wa Lamu wana maneno yao, lakini hilo hakulijua.

"Bibi yako anasema sawasawa," alimwambia. "Kwao ndivyo wanavyoitana, na mimi nilikuwa sijui." Akaligeukia darasa. "Nani mwingine, nyumbani kwao wanasema tofauti?"

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja. Imara akafuta nafasi ubaoni, akamwita yule msichana mbele, akampa chaki.

"Andika la bibi kwanza," akasema.